Dawa Mnayo Jikoni

Fundi saa alikuwa na binti mtafiti, na mtaa mzima ulilijua hilo, maana hakuna mteja aliyeleta saa mbovu akaondoka bila kusimuliwa. Binti mwenyewe alikuwa akishinda maabara, akichunguza kurkumini, ile kemikali inayoyapa manjano, kiungo cha mapishi, rangi yake.

Siku redio ilipomwalika, baba alifunga kibanda mapema, akaketi na mkewe kusikiliza. Binti alieleza vizuri: kurkumini imepunguza uvimbe kwenye chembe walizozikuza maabarani, kwa binadamu huenda ikasaidia, lakini bado wanapima.

"Basi wasikilizaji, dawa mnayo jikoni!" mtangazaji akadakia.

Binti angeweza kumsahihisha. Lakini kipindi kilikuwa kimenoga, na sifa zilikuwa zimemkolea. Akacheka tu.

Baba alikuwa akimeza vidonge vya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya moyo wake. Akaviweka kando, akawa anakunywa manjano kwenye maji ya moto, asubuhi na jioni. Hakumwambia bintiye, alitaka amshangaze kwa afya njema. Haukupita muda, akaanguka kibandani, bisibisi mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito, hata kumwita mkewe akashindwa.

Binti alipofika wodini alimkuta mama akikoroga kikombe.

"Nini hicho, mama?"

"Si dawa yako? Nimezidisha, labda alikuwa anakunywa kidogo."

"Vidonge vyake je? Aliviacha?"

"Vya nini tena? Si mlisema dawa tunayo jikoni?"

"Sikusema mimi, mama. Alisema mtangazaji."

"Nawe ukacheka," mama akasema polepole. "Baba yako akaniambia, msikie mwanangu anavyocheka, ana hakika huyo."

Binti alitaka kueleza habari ya chembe, na ya huenda, na ya bado. Badala yake akachukua kikombe, akamwaga kwenye sinki. Baba alimfuata kwa macho, akatoa sauti isiyoeleweka.

"Unamnyima baba yako?" mama akauliza.

Baba alirudi nyumbani nusu mtu. Binti alikuja kila mwisho wa wiki, akampangia vidonge, akamkalisha kitini, akamnyoosha vidole vilivyojikunja. Mama alimshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Kisha, basi likishaondoka, alirudi ndani kuchemsha maji, akamnywesha mumewe manjano.