Televisheni ya Ofelia

Kwa mwaka mzima Delfina Archuleta na jirani yake Ofelia walipokea dola mia tano kila mwezi, bila masharti, katika jaribio lililofanywa mjini kwao, kusini mwa New Mexico. Sasa mswada wa kuzipa familia maskini za jimbo zima pesa kama hizo ulikuwa mbele ya kamati ya bunge la jimbo, na Ofelia aliendesha gari kwa saa nne hadi Santa Fe, mji mkuu, ili wote wawili wakautetee.

Delfina alikuwa na siri. Pesa zake za mwezi wa kwanza ziliishia kasino, zote. Aliyemfuata huko akamrudisha nyumbani akilia ni Ofelia, na Ofelia hakumwambia mtu.

Kila shahidi alipewa dakika mbili. Delfina alizitumia vizuri: akataja matairi, dawa za kisukari, viatu vya wajukuu. Alikuwa keshaanza kuinuka mbunge mmoja alipomuuliza, kwa upole mno, na upole wa mbunge ni wa kuogopwa, kama kweli hakuna senti iliyochezewa.

Alidhani mtu huyu keshajua.

"Si mimi, mheshimiwa," alisema. "Labda jirani yangu. Yeye alinunua televisheni, kubwa kama mlango."

Ukumbi ukacheka. Mbunge akaandika. Delfina akarudi kitini uso ukimwaka, hakuthubutu kutazama kando.

Aliyeitwa baada yake alikuwa Ofelia. Delfina akainamisha kichwa kusubiri kasino itajwe, na moyoni alikiri kwamba angestahili.

"Mimi ndiye huyo jirani," Ofelia alisema. "Televisheni ninayo. Naomba mpitishe mswada."

Akaketi, dakika zake karibu zote zimebaki.

Mswada uliwekwa kando kwa kura sita dhidi ya tano. Yule mbunge mpole alisema hawezi kuwanunulia watu televisheni kwa kodi za wananchi.

Njiani kurudi nyumbani, waliupita mji wa Socorro. Hapo Delfina akauliza kwa nini Ofelia hakuitaja kasino.

"Walikuwa wanatafuta mmoja tu wa kumnyooshea kidole, mwenzangu," Ofelia alisema, macho barabarani. "Ukawapa mimi. Ningewapa na wewe, tungekuwa wawili."

Delfina akageukia dirishani. Angetukanwa, angalau angekuwa na la kujibu.