Bandi ya Daktari

Fundi cherehani yule alikuwa mtu wa maneno mengi, ila kuhusu jipu lililomtoka kando ya tundu la haja alikaa kimya miaka miwili. Lilivimba, likapasuka, likatoa usaha, likajifanya limepona, kisha likarudi. Akawa anakalia tako moja kwenye kiti chake cha kazi, na wateja wakadhani ni maringo.

Kilichomfunga mdomo ni habari ya baba yake. Mzee aliugua vivyo hivyo, akapasuliwa kwa mkupuo mmoja, kidonda kikafunga upesi, lakini tangu siku ile hakuweza tena kuzuia choo. Aliacha kwenda kwa watu. Alijifungia chumbani mpaka alipofariki, na fundi, enzi hizo kijana, ndiye aliyekuwa akimshonea vitambaa vya kujisitiri.

Mwishowe mkewe alimburuta hospitali. Daktari wa upasuaji, mama mmoja wa sauti nzito, alimpima na kumweleza bila kumung'unya maneno. Ndani kulikuwa na kijitundu kirefu kilichotoboka kutoka kwenye njia ya haja hadi nje kwenye ngozi, kikipita katikati ya msuli unaobana choo. Msuli ule ukikatwa kwa pupa, angepona haraka na kujuta maisha yake yote. Kwa hiyo yeye daktari angepitisha uzi humo, usaha uwe unatoka, mwili utulie, na baada ya miezi kadhaa akizibe kile kijitundu bila kuukata msuli.

Fundi aliposikia uzi, roho ikamtulia. Uzi alikuwa anaujua kuliko anavyowajua shemeji zake.

Na hapo ndipo alipojiponza. Wiki ya sita baada ya kutiwa uzi, akijiosha kwa maji ya uvuguvugu kama alivyoagizwa, aliugusa ule uzi akakuta unacheza. Mtu aliyeshona miaka thelathini hawezi kuvumilia mshono uliolegea. Akajiambia daktari kapitiwa. Akachukua kioo kidogo cha dukani, akachuchumaa, akaukaza uzi na kuupiga fundo lake mwenyewe, lile lisilofumuka.

Asubuhi mkewe alimkuta ameegemea ukuta, jasho linamtoka. Alimhoji mpaka akasema yote. Hakumgombeza, alichukua mkoba wake, wakaondoka.

Daktari alilikata fundo lile, uzi ukalegea kama mwanzo.

"Ulikuwa unajikata msuli kwa mkono wako mwenyewe," alisema. "Kwa nini, fundi?"

"Ulikuwa umelegea, daktari."

"Niliulegeza makusudi."

"Kumbe ni bandi," alisema fundi.

Akamweleza kwamba bandi ni mshono wa kushikiza tu, unaachwa mlegevu mpaka nguo ishonwe sawasawa, na mwenye akili zake haukazi. Angeambiwa hivyo tangu mwanzo, asingeugusa. Daktari alikiri kwamba kosa lilikuwa lake pia. Kisha akavaa glavu, akaingiza kidole kupima, akamwambia abane.

Fundi hakubana. Alimwona baba yake kitandani, ameelekea ukutani, na aliogopa kujaribu asije akakuta hakuna kitu.

"Bana, fundi."

Akabana.

"Msuli upo," alisema daktari. "Upo na una nguvu."

Fundi alilia palepale, suruali ikiwa magotini, wala hakuona aibu.

Miezi minne baadaye kijitundu kilizibwa, na kidonda kikapona. Siku aliyorudi kazini alikaa kwa matako yote mawili, polepole kama anayekalia mayai. Mkewe alikuwa anafagia. Chini ya meza ya kukatia fagio likagusa mfuko, akaufungua. Ndani mlikuwa na vitambaa kumi na viwili, vya tabaka tatutatu, vimepindwa pembe zote.

Akamuuliza alivishona lini.

"Kabla hujanipeleka hospitali," alijibu fundi bila kumtazama. "Nilijua mwisho wangu ni ule wa baba."

Mkewe alivihesabu tena, akaviweka juu ya meza.

"Ningevifua," alisema. "Kila siku, na ungekaa sebuleni na sisi."

Fundi akachukua kitambaa kimoja, akaanza kufutia mafuta ya cherehani.