Profesa Amsomea Randu

Kanze alisikiliza vizuri maisha ya mumewe yakisomwa, mikono mapajani, mpaka lilipotajwa neno la mahindi. Akainua kiganja. "Basi hapo, Bi Helen. Hapo pakate."

Bi Helen alikuwa profesa wa historia kutoka Uingereza. Kwao alikwisha kuandika maisha ya mawaziri wakuu, na wakubwa wakimwogopa kidogo. Sasa kichwa cheupe pe, goti linamsumbua, na bado alipanda bodaboda kutoka Malindi mpaka Marafa. Hivyo ndivyo kazi yake ilivyo: hachapishi maisha ya mtu kabla wa nyumbani kwake hawajasomewa, tena kwa lugha wanayoielewa.

Marehemu mume wa Kanze, Randu, alikuwa mbunge. Mwaka wa njaa alikabidhiwa mahindi ya msaada, akaanza na kijiji chake. Watu wa Sabaki wakangoja na watoto wao.

"Wajukuu wangu watatembeaje na hilo?" Kanze aliuliza.

"Binti wa waziri mkuu mmoja aliniuliza hivyo hivyo. Mpaka leo haniamkii. Lakini nikilificha hili, dada, nani ataamini yale mazuri?"

"Kama huoni haya, kamwambie mwenyewe."

Kanze akachukua kata ya tembo la mnazi, akamtangulia nyuma ya nyumba, kwenye koma, kile kigingi cha mti walichomsimikia marehemu, kimefungwa kitambaa chekundu. Hapo hasemi ovu ila mwenye hakika nalo. Kanze alidhani mgeni atarudi nyuma.

Bi Helen akavua viatu. "Shikamoo, mzee Randu." Kanze akamwaga mnazi kidogo chini, na profesa akasoma sura yote: shule aliyoijenga, barabara aliyoipigania, kisha mahindi. Hapo hakuharakisha wala hakushusha sauti.

Kanze alifuta kata kwa ncha ya leso.

"Kuna lililobaki," alisema. "Alikwenda Sabaki, akavua kofia, akaketi chini mbele yao, akaomba radhi. Nikawakataza watu wangu kulitaja, maana aombaye radhi amekiri."

Bi Helen alimtazama kwa upole. "Nani mwingine alikuwepo?"

"Ala, hata mie huniamini?"

"Nakuamini. Ila kitabu kinataka shahidi wa pili."

Kanze akacheka mpaka akashika koma. "Umemsikia huyu, Randu?"

Akamgeukia mgeni. "Mzee Baya wa Sabaki yuko hai, alikuwepo. Kesho twende Sabaki. Goti lako litafika?"

"Lisipofika, nitalibeba."