Mbuzi wa Pumzi na Maji ya Ndiva

Usiku uliopita niliota, mimi Eliamani mwana wa Kiangi, mwana wa Senkondo, mwana wa Mbonea. Senkondo, babu yangu, alikuwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa la milima ya Upare linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi ili mifereji inyweshe mashamba kwa zamu. Hapakutokea mtu wa kusema kwamba Senkondo alipendelea. Kiangi alimrithi, na alipomkamata shemeji yake akifungua maji nje ya zamu alimtoza mbuzi, kama sheria isemavyo, kisha akala naye chakula cha jioni. Nayataja haya ili ijulikane ni mtu wa nyumba gani aliyekuwa amelala katika kitanda cha hospitali akingoja kupasuliwa ngiri.

Jioni ile daktari wa usingizi alikuja kuniona. Jina lake Aikande, binti wa Kichaga, kwa hiyo mtani wangu. Aliniuliza kama natumia dawa yoyote, ya hospitali au ya kienyeji.

"Hakuna," nilisema.

"Hata mzizi, Babu? Hata jani la kuchemsha?"

"Daktari, mimi si mbuzi nile majani."

"Wapare hamjibu swali mpaka mfike mahakamani," alisema. "Lakini kesho nitakupa dawa tatu kwa pamoja, na ni lazima nijue zitamkuta nani humo ndani."

Chini ya mto wangu palikuwa na mzizi, umeviringishwa katika kitambaa cheusi na kufungwa kwa fundo la ukoo, fundo ambalo hata mimi hulifungua kwa meno. Nimekuwa nikiutafuna kila jioni ili nilale vizuri. Kwetu dawa ya ukoo haitajwi mbele ya mtu wa nje; ikitajwa, hupoa. Ndivyo nilivyofundishwa na waliokuwa na haki ya kunifundisha. Nikatafuna kipande changu, nikafunga fundo, nikalala kama mtu asiye na kesi.

Ni mchana. Nimelala juu ya meza ya upasuaji, na meza iko katikati ya shamba la mahindi la baba yangu. Mshipa wa mkono wangu wa kushoto unapanuka taratibu mpaka unakuwa mfereji. Penye kichwa cha mfereji wamesimama watu watatu wenye majembe.

Wa kwanza ni mweupe kama maziwa na anapiga miayo.

"Mimi ni Mlazaji," anasema. "Kazi yangu ni kulaza, basi. Maumivu siyajui. Ukimkata mtu niliyemlaza peke yangu, yeye atakuwa kalala lakini moyo wake utapiga mbio."

Wa pili ni mdogo kama njugu, tena mkali. "Mimi ni Mzibaji. Habari za kisu hazipiti kwangu."

Wa tatu ni mrefu, mikono yake inaning'inia. "Mimi nalegeza," anasema, na papo hapo vifungo vya koti langu vinafunguka, kamba za viatu vyangu zinalala chini, na msumari unachomoka ukutani, ingawa ukuta haupo.

Nauliza kwa sauti ya baraza, "Kwa nini mko watatu? Hakuna mmoja anayetosha?"

"Nikifanya peke yangu, Mzee, nitahitaji bwawa zima," Mlazaji anajibu, "nawe utazama. Tukiwa watatu, kila mmoja anafungua maji kidogo, na shamba linalowa bila kuharibika."

Hiyo ndiyo sheria ya ndiva.

Daktari Aikande anakuja akiwa amevaa kijani kibichi, anamvuta mbuzi kwa kamba. Anamfunga kwenye mguu wa meza.

"Huyu ni wa nani?"

"Ni wako, Babu. Ndiye pumzi yako."

"Mbona amekonda?"

"Ni mbuzi wa Mpare. Anakula kwa hesabu." Anakagua kamba. "Mlegezaji akipata zamu yake, huyu naye atalegea, hatakumbuka kutembea. Nitamwongoza mimi mpaka uamke."

"Wachaga tangu lini mnajua kuchunga? Mbuzi wenu mnawafungia ndani, mnawapelekea majani kama wagonjwa."

"Ndiyo maana wanapona," anasema. "Haya, Babu, hesabu kurudi nyuma."

Nahesabu. Kwa kila namba ninayoitaja, meza inarudi nyuma hatua moja kupanda mlima, nasi sote pamoja nayo, mpaka namba zinakwisha na tumefika ukingoni mwa ndiva. Mashine ya kupima moyo imeketi juu ya jiwe kama karani wa baraza. Kila moyo wangu unapopiga, inasema, "Yupo."

Mlazaji anafungua maji kidogo. Mzibaji anafungua kidogo. Mlegezaji anafungua kidogo, na mbuzi anasahau miguu yake. Aikande anamshika shingo, anamwongoza: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Anaongoza vizuri. Namuonea fahari, ingawa ni Mchaga.

Lakini maji hayakomi. Yanapanda ukingo wa mfereji, yanaingia kwenye mahindi. Mlazaji anatazama jembe lake.

"Mimi nimefungua kipimo changu," anasema. "Haya ya ziada ni ya nani?"

Ndipo tunamwona wa nne. Amekaa juu ya lango la ndiva, amevaa koti kuukuu, ngozi yake ni ya mzizi na nywele zake ni za mzizi. Lango amelifungua tangu jioni.

"Nani amekuita?" Mzibaji anamuuliza.

"Muulizeni mwenye shamba," anajibu, wala hashuki.

Wote wananigeukia. Mbuzi anapiga magoti. Karani anasema, "Yupo," kisha ananyamaza kitambo, kisha anasema tena, polepole, "Yupo."

"Babu, ni nani huyu?" Aikande anauliza. "Niambie, nijue nipunguze upande upi. Mbuzi anasinzia."

Nataka kujibu. Lakini zamu ya Mlegezaji imekwisha kupita, na ulimi wangu umelala mdomoni kama mbwa kivulini. Niliyekataa kusema nilipoweza, sasa nataka kusema na siwezi.

Senkondo anatokea ng'ambo ya maji, na fimbo yake ile ile. Hajazeeka hata kidogo.

"Nani amefungua maji yangu kwa siri?"

"Mjukuu wako," anasema karani.

Babu yangu hanitazami vibaya. Ananitazama kama anavyotazama mtu yeyote. "Faini ya kufungua maji nje ya zamu ni mbuzi mmoja," anasema. "Inajulikana."

Hapo kuna mbuzi mmoja tu.

Senkondo anavuka maji, anashika kamba. Natafuta usoni mwake dalili ya upendeleo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nasikitika kwamba ukoo wetu hauna. Lakini upande wa pili wa kamba Aikande hajaachia.

"Shikamoo, Mzee," anasema. "Kesi haijasikilizwa. Mshtakiwa hawezi kusema. Tangu lini Mpare akahukumiwa kabla hajaongea?"

Senkondo anaitazama kamba, kisha mdomo wangu. Maji yanafika kwenye miguu ya meza.

"Kweli," anasema. "Kesi imeahirishwa hadi asubuhi. Aje na ushahidi mkononi."

Anaachia kamba.

Niliamka wodini, jua likiwa limeingia na mhudumu akigawa chai kwa wanaoruhusiwa kunywa. Niliingiza mkono chini ya mto. Kitambaa cheusi kilikuwa kimetandazwa wazi, fundo limelegea lote, bila alama ya jino. Mzizi ulikuwa nje, umelowa maji.

Daktari Aikande alipopita niliuweka kiganjani mwake.

"Ni nini hiki, Babu?"

"Sijataja kitu," nilisema. "Hutafunwa kila jioni. Jana pia."

Aliunusa, akaniuliza unanifanyaje mwilini, nami nikamjibu yote isipokuwa jina.

"Huu nao unalaza," alisema. "Ungekutana na zangu ndani yako bila mimi kujua, pumzi yako ingelala nawe." Aliutia mfukoni. "Tunaahirisha, Babu, mpaka ukutoke mwilini. Ngiri yako inaweza kungoja." Alipofika mlangoni aligeuka. "Kumbe Mpare akiamua husema hata bila wakili."

Nilivuta pumzi, ikaja. Nikaitoa, ikaenda, ikarudi yenyewe bila kushikwa kamba. Nilikaa nikifanya hivyo asubuhi nzima, nimeridhika.

Nanyi wajukuu zangu, mtakapolala katika kitanda kama hiki na kuulizwa kuna nani mwingine ndani yenu, jibuni. Mdomo ukiwa umefungwa na mila, mkono haujafungwa. Maji ya ndiva hayafunguliwi kwa siri, hata na mjukuu wa mwenye ndiva. Nimesema, shikeni.