Taa ya Tezi

Njia nzima kaka mtu alimfundisha nahodha, mdogo wake, uongo kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Sema hukuona taa. Sikuona taa, basi. Maneno mawili hayavunji jino."

Nahodha alitazama njia. Tangu usiku ule boti yake ya abiria ilipoligonga tishari, chombo kirefu cha kubebea mchanga, lililotia nanga ziwani, na kuzama na mkewe ndani, ulimi ulimlalia mdomoni kama gogo. Leo alikuja kwa jambo moja tu: kumwomba mama mkwe amrudishie mtoto wake wa kike, aliyebaki kwa bibi yake tangu mazishi.

Mama mkwe aliwakaribisha sebuleni, akawawekea maji, akaketi. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Kesi ni ya polisi. Mimi nataka jibu moja, kisha mchukue mwanao. Taa ya lile tishari, uliiona au hukuiona?"

Kaka mtu akakohoa kikohozi chenye sentensi nzima ndani yake. "Mama, giza lile, hata ungetiwa kidole jichoni..."

"Wewe ndiye uliyeshika usukani?"

"Hapana, mama."

"Basi kunywa maji."

Nahodha aliitazama mikono ya mama mkwe. Ilikuwa mikono ya marehemu mkewe, iliyozeeka tu.

"Niliiona, mama."

Akavuta glasi mbili mezani, akazitenganisha. "Chombo kifupi kikitia nanga usiku huwasha taa moja nyeupe. Kirefu huwasha mbili: moja juu, huku mbele, na nyingine chini kidogo, kule nyuma kwenye tezi, ili watu wajue kinapoishia. Mimi niliona moja. Nikajua ni kimashua. Nikakizunguka kwa nyuma, nikakiachia nafasi ya kutosha. Nafasi ile ndiyo ilikuwa tishari lenyewe. Taa ya tezi ilikuwa imezimika."

Maneno haya alishayasema kwa polisi, kwa wakili, hata kwa ukuta wa chumba chake. Kila mara yalinyooka kama kamba, na kila mara hakuna aliyevutwa nayo kutoka majini.

Mama mkwe akaisogeza pembeni glasi ya nyuma. "Kwa hiyo uliona."

"Niliona moja, mama."

"Moja si taa?"

"Ni taa."

Sheria ilikuwa na jibu. Sebule ile haikuwa nalo.

"Ungekuwa hukuona," mama akasema taratibu, "ningekulilia wewe pamoja na mwanangu. Ningesema giza limetuponza sote. Sasa unaniambia ulikuwa macho, unaona, unapima nafasi. Nikuweke wapi, baba?"

"Mama, maji yakishamwagika..." kaka mtu akaanza.

"Usinitajie maji."

Pazia la mlango wa ndani likasogea. Binti alisimama pale na mkoba mgongoni. Alikuwa amesikia sauti ya baba yake, akavaa viatu upesi, cha kushoto mguu wa kulia.

"Baba, tunaenda?"

Nahodha akangoja mtu mwingine ajibu.

"Rudi ndani, mjukuu wangu," bibi akasema. "Vua viatu."

Mtoto hakusogea. Alimkazia macho baba yake, akingoja amkatalie bibi. Nahodha akainuka, akapiga goti mbele yake, akaanza kumfungua kamba za viatu ili avivue.