Sinki Kando ya Kitanda Namba Tatu

Wodi nzima ya wagonjwa mahututi ilimwita Mama Sabuni, na jina hilo muuguzi mkuu alilipenda. Mtu akisogelea kitanda bila kunawa, awe bingwa, awe mwanafunzi, alirudishwa sinkini mbele za watu. Sinki lenyewe alilipigania yeye. Aliandika barua miaka miwili, hadi uongozi ulipochoka naye ukalifunga kando ya kitanda namba tatu, jeupe pe, koki ndefu ya kufungua kwa kiwiko.

Kitandani hapo alilala mwalimu mstaafu aliyepasuliwa tumbo. Siku ya sita homa ilipanda, na makohozi kwenye mpira wa mashine ya kupumulia yakageuka kijani. Majibu ya maabara yalitaja dawa kumi na moja. Mbele ya kumi iliandikwa "sugu".

"Hii iliyobaki ni ya zamani kuliko mimi," alisema daktari. "Waliiweka kando kwa sababu inakula figo."

"Tusipoitumia?" aliuliza Mama Sabuni.

"Figo zitabaki nzima. Mwenyewe hatakuwepo."

Dawa ikaanza, na Mama Sabuni akaanza msako, maana huyu alikuwa mgonjwa wa tatu mwezi huo kupata mdudu yuleyule sugu wa maradhi. Macho yake yalitua kwa mke wa mwalimu, aliyeshinda pale akimpapasa mumewe mkono.

"Mama, kuanzia leo utamwangalia kupitia kioo."

"Nimekosa nini, mwanangu?"

"Mikono yako."

Mke wa mwalimu aliigeuza mikono yake, akaitazama. "Mbona nanawa hapo kila ninapoingia? Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Basi hunawi sawasawa."

Siku tisa mama wa watu alisimama nyuma ya kioo. Huku ndani pamba za kupimia zilipitishwa kila mahali: kwenye simu za madaktari, vitasa, viganja vya wauguzi, hata kucha za mke wa mwalimu. Mtu wa maabara, asiye na maneno mengi, alichomeka moja kwenye tundu la sinki.

"Huko unatafuta nini?" Mama Sabuni alimwuliza. "Huko ndiko uchafu unakokwenda."

"Ndiyo maana," alijibu.

Majibu yalipokuja, mikono ya mke wa mwalimu ilikuwa safi kuliko yote. Mdudu alikuwa amestarehe tunduni. Koki ilimwaga maji moja kwa moja juu yake, nayo yakaruka hadi kwenye shuka la kitanda namba tatu na trei za dawa za wagonjwa wengine. Aliyenawa kwa bidii zaidi ndiye aliyerusha zaidi. Mama Sabuni aliisoma karatasi mara tatu.

Angeweza kumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe hadi nyuma ya kioo.

"Mama, haikuwa mikono yako. Ni sinki."

"Lile ulikokuwa ukinirudisha mara mbili mbili?"

"Lile lile. Naomba unisamehe."

Alijikaza kungoja matusi. Mke wa mwalimu alikuwa ameshashika kitasa. "Nikishamshika mume wangu, tutaongea habari za msamaha."

Fundi bomba aling'oa sinki siku hiyohiyo. Uongozi ulimwandikia Mama Sabuni barua ya pongezi kwa kugundua chanzo cha maambukizi, akaiweka chini kabisa ya droo. Wiki mbili baadaye mwalimu alitolewa kwenye mashine, figo zikichechemea, maji anapimiwa kwa kikombe, lakini akili timamu.

Neno lake la kwanza lilikuwa la lawama. "Nilikuwa nakusikia," alimwambia mkewe kwa sauti ya kukwaruza, "halafu ukapotea. Ulikwenda wapi?"

Mke alifungua kinywa, lakini Mama Sabuni alimwahi. "Mimi ndiye niliyemzuia, mwalimu."

"Kwa nini?"

Muuguzi mkuu alivuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza.