Kinyozi Asiyejinyoa

Mimba ilipotimiza wiki ishirini, mwalimu wa chekechea alikwenda kupimwa ultrasaundi, na mumewe, kinyozi, akafunga saluni amsindikize. Nesi alikuwa ameagiza mama anywe maji mengi na asiende msalani. Kinyozi, kwa kumuunga mkono mkewe, naye akanywa yale yale, kwa hiyo waliingia chumbani wote wawili wakitembea kwa tahadhari.

Mpimaji, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimpaka mwalimu jeli ya baridi tumboni, akatelezesha kifaa chake huku akitaja anachokiona: uti wa mgongo sawa, moyo una vyumba vyake vinne, figo mbili. Kwa kila kimoja kinyozi aliitikia "ahsante", kana kwamba mpimaji ndiye aliyevitengeneza.

Mtoto alikuwa ameziba uso kwa mkono. Mwalimu akaambiwa alalie ubavu, na mkono ukaondoka. Hapo mpimaji akasimamisha kifaa. Alitazama, akatazama tena, kisha akawageuzia skrini na kuwaeleza polepole kwamba mdomo wa juu wa mtoto umepasuka upande mmoja. Hushonwa mtoto akiwa na miezi michache, akasema, na kwingine kote hakuona tatizo.

Machozi yalimlengalenga mwalimu. Mpimaji akauliza kama katika ukoo kuna aliyezaliwa hivyo. Mwalimu akasema kwao hayupo. Kinyozi alikuwa akivuta masharubu yake, ambayo kwa miaka mitatu ya ndoa mkewe hakuwahi kuyaona yamepunguzwa hata unywele, ingawa mwenyewe alishinda akiwanyoa wenzake.

"Na upande wako, baba?"

"Yupo," kinyozi akajibu. "Ni mimi."

Akaeleza kwamba alishonwa akiwa mchanga, na masharubu yalipoota akayaacha ili asiulizwe. Alipomchumbia mwalimu aliogopa kukataliwa, na baada ya harusi hakupata siku nzuri ya kuanzia. Mwalimu alilia, kisha akashikwa na kicheko, na kicheko juu ya maji yale kikawa hatari. Alitoka mbio na jeli yake tumboni. Kinyozi akamfuata, naye alikuwa na haraka zake.

Mchana huo mwalimu alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akashika mashine. Hakuwahi kumnyoa mtu, na kipande cha ndevu za shavuni kikanyolewa pamoja na masharubu, ingawa hakikuwa na kosa. Chini ya masharubu kulikuwa na kovu jembamba kama uzi. Akalipitishia kidole.

"Hiki tu ndicho ulichonificha?"

"Hiki tu."

"Afadhali. Nilishaanza kufikiria mke mwingine."

Mtoto alizaliwa na sauti iliyoamsha wodi nzima, na kwa kuwa mwalimu alishauliza kila swali mapema, daktari wa kumwona na namna ya kumlisha vilijulikana. Alishonwa akiwa na miezi minne. Alipopona, kinyozi alimpakata mbele ya kioo kikubwa cha saluni. Mteja aliyekuwa akisubiri akasema wamefanana. Kinyozi akamwomba avumilie kidogo, bado wanatazamana.